Kompyuta Isimfungulie Kila Apigaye Hodi

Msimu wa maombi ya basari, maduka ya saiba ya Ukunda na Msambweni hujaa tangu asubuhi. Mwanafunzi huchomeka flashi, huchapisha fomu na kuondoka. Anayefuata huchomeka yake palepale. Flashi moja ikiwa na virusi, kompyuta huambukizwa, na wateja wanaofuata huvipeleka nyumbani, shuleni au ofisini.

Dalili inayojulikana sana ni folda kugeuka njia za mkato. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Usibofye njia hizo za mkato, wala usikubali flashi ifomatiwe kabla fundi hajajaribu kuyarudisha.

Kwa nini kompyuta humpokea kila mgeni?

Kifaa cha USB kikichomekwa hujitambulisha: kama ni hifadhi, kibodi au printa, pamoja na nambari ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kompyuta huyaamini maelezo hayo. Mwaka 2014, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kuwa flashi inaweza kubadilishwa ijitambulishe kama kibodi, kisha iandike amri yenyewe. Programu ya kuzuia virusi inayokagua mafaili pekee haiioni hila hiyo.

Kompyuta isiyo na intaneti nayo haijasalimika. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa mwaka 2010, vililenga mitambo ya nyuklia ya Natanz nchini Iran, iliyotengwa na intaneti. Njia mojawapo ya kusambaa kwake ilikuwa flashi.

Kwa hiyo, mwenye kompyuta aamue mapema ni vifaa gani viruhusiwe.

Hatua za kuchukua

1. Zima AutoPlay kwenye mipangilio ya Windows, ili flashi isifunguliwe yenyewe inapochomekwa.

2. Mwenye saiba atenge kompyuta moja ya kupokelea flashi za wateja. Isiwekwe kumbukumbu za biashara, na kila flashi ikaguliwe hapo kwanza. Kompyuta nyingine zifungiwe hifadhi za USB. Kibodi na kipanya vitaendelea kufanya kazi.

3. Shule, zahanati na ofisi ziwe na orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa, na kisichokuwemo kikataliwe. Fundi anaweza kuipanga kupitia Group Policy katika Windows Pro, au kwa programu ya USBGuard katika Linux. Kibodi na kipanya vinavyotumika viingizwe kwanza, la sivyo mtajifungia nje. Nambari za kifaa zinaweza kughushiwa, hivyo orodha hupunguza hatari bila kuimaliza. Wekeni nakala za mafaili mahali pengine.

4. Palipo na majina ya wagonjwa au wanafunzi, kompyuta izuiwe kunakili mafaili kwenda kwenye flashi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72.

Kwa mteja wa saiba

Ukiweza, tuma fomu kwa baruapepe badala ya kubeba flashi. Ukilazimika kuibeba, iwe na nakala ya faili hiyo pekee. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani na picha za familia zibaki nyumbani. Simu ichajiwe kwenye soketi ya umeme. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya watu, chagua kuchaji tu na ukatae ombi la kusoma mafaili.

Flashi iliyookotwa stendi au ufukweni Diani usiichomeke ili kumtafuta mwenyewe. Huwezi kujua kwa kuitazama imebeba nini.