Mafuta yamepanda, dereva anataka nyongeza: piga hesabu kabla ya kubishana

Leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuongee kitu kinachokula faida yako baada ya kuvuna: mafuta ya gari.

Nianze na kisa kilichotokea hapa kwetu ukanda wa Ilula. Kijana mmoja, mkulima mzuri tu wa nyanya, alikuwa na matenga 180 barabarani saa kumi jioni. Fuso imefika. Dereva akasema, "Bosi, dizeli imepanda, ongeza laki moja na nusu." Kijana akang'aka: "Tulishakubaliana, siongezi hata mia." Wakabishana hadi usiku, gari likaondoka tupu. Kesho yake mchana akapata gari jingine. Nyanya zikafika Dar es Salaam zimechelewa siku nzima, zimelainika, na dalali akakata shilingi 2,000 kwa kila tenga. Zidisha mwenyewe: 2,000 mara 180 ni shilingi 360,000.

Nani alikuwa na haki? Jibu langu ni kwamba wote wawili walikosa kitu kimoja: hesabu. Ndiyo somo la leo.

Kwanza, bei ya mafuta inatoka wapi?

Mafuta yote ya petroli na dizeli tunayotumia Tanzania yanaagizwa kutoka nje. Yanashushwa katika bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Bei yake inategemea soko la dunia, thamani ya shilingi yetu mbele ya dola, gharama za meli, kodi na tozo, halafu usafiri wa kuyafikisha kwenye sheli ya kwenu. Mfano wa tozo: mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023 uliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo. Zingatia neno "kikomo". Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya hapo, hairuhusiwi kuuza juu yake. Inatakiwa pia kuweka bei kwenye bango linaloonekana na kumpa mteja risiti.

Bei hiyo si moja nchi nzima. Jedwali la EWURA linaorodhesha wilaya kwa wilaya. Mwenye sheli Arusha au Manyara anahesabiwa mafuta ya bandari ya Tanga, wa Ruvuma na Lindi anahesabiwa ya Mtwara. Ukizidi kwenda mbali na bandari, lita inazidi kuwa ghali. Ndiyo maana maeneo kama Kyerwa kule Kagera mara nyingi yanakuwa juu kabisa ya orodha. Dereva anayetoka Dar kwenda mikoa ya kanda ya ziwa anaona bei ikipanda sheli baada ya sheli, na mfuko wake uko palepale.

Na bei zinaweza kupanda sana. Agosti 2022 petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam, na dizeli 3,322, wakati Serikali tayari ilikuwa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo. Kama pale bandarini ni hivyo, fikiria aliye mpakani.

Kwa nini dereva ana hasira?

Wakulima wengi tunamwona dereva kama mtu wa kutukamua. Tuwe wakweli. Madereva wengi wa Fuso si wenye gari. Tajiri anampa hela ya mafuta ya safari, kiasi kilekile kila mara, na anamwambia arudi na hesabu kamili. Mafuta yakipanda Jumatano, tajiri hapandishi hela siku hiyohiyo. Pengo linatoka kwenye posho ya dereva na utingo wake. Akikwambia "tunaumia", mara nyingi ni kweli.

Nilimtafuta yule dereva baadaye, tukaongea. Akaniambia, "Afisa, nilishaenda safari tatu kwa hela ya zamani. Nilitaka zirudi." Yaani ile laki moja na nusu haikuwa ya safari ya kijana wetu peke yake. Alikuwa anamlipisha na hasara za wakulima waliotangulia. Hiyo si haki, lakini sasa unaelewa ilitoka wapi.

Hesabu yenyewe

Chukua daftari. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

1. Umbali. Ilula hadi Dar ni karibu kilomita 450. Kwenda na kurudi ni 900.

2. Ulaji wa mafuta. Fuso ikiwa na mzigo tuseme inakwenda kilomita 3 kwa lita. Ikirudi tupu, kilomita 4.5 kwa lita. Kwenda: 450 gawa kwa 3, lita 150. Kurudi: 450 gawa kwa 4.5, lita 100. Jumla lita 250.

3. Tofauti ya bei. Tuseme dizeli imepanda shilingi 170 kwa lita tangu mlipokubaliana. 250 mara 170 ni shilingi 42,500.

Hiyo ndiyo nyongeza ya halali: 42,500. Si 150,000 aliyotaka dereva, na si sifuri aliyotaka mkulima. Ukigawa kwa matenga 180, ni kama shilingi 236 kwa tenga. Kijana wetu alikataa shilingi 236 akapoteza 2,000.

Hapa kuna mtego ambao wengi wanaingia. Mtu anasema, "Mafuta yamepanda asilimia kumi, kwa hiyo na nauli ya mzigo ipande asilimia kumi." Hapana. Mafuta ni sehemu tu ya nauli. Kama gari unakodi kwa shilingi 1,500,000 na mafuta yanachukua 750,000, basi mafuta ni nusu. Yakipanda asilimia kumi, nauli inapanda asilimia tano, yaani 75,000. Matairi, posho na faida ya tajiri havijapanda kwa sababu ya Jumatano ile.

Hakikisha ni mafuta gani yamepanda

Petroli na dizeli hazipandi pamoja kila mara. Mwezi mmoja petroli inaweza kuruka na dizeli ikasimama, mwezi mwingine ikawa kinyume. Fuso na trekta vinatumia dizeli. Bodaboda, kirikuu na pampu nyingi ndogo za umwagiliaji vinatumia petroli. Ukisikia mtaani "mafuta yamepanda", uliza: yapi? Na kwa wilaya ipi? Usikubali bei ya Kyerwa itumike kwa gari linalojaza tenki Dar.

Halafu usishtuke na habari za dunia za asubuhi moja. Mafuta yanayouzwa sheli leo yaliagizwa na kupakuliwa wiki kadhaa zilizopita. Bei ya dunia ikipanda leo, inakufikia baadaye. Ikishuka, vilevile inachelewa. Mtu anayepandisha nauli siku hiyohiyo kwa sababu ya taarifa ya habari anakuonea.

Mambo matano ya kufanya msimu huu

*Moja: andika makubaliano.* Karatasi moja inatosha. Tarehe, njia, idadi ya matenga, nauli, na bei ya dizeli ya siku hiyo. Kisha weka sentensi hii: "Dizeli ikipanda au kushuka shilingi 100 kwa lita, nauli itaongezeka au kupungua shilingi 25,000." Hiyo 25,000 imetoka kwenye lita zetu 250 mara 100. Neno "kushuka" ni muhimu. Nauli za kwetu zinajua kupanda ngazi, kushuka zinasahau.

*Mbili: ongea na tajiri wa gari, si dereva peke yake.* Mpigie kabla ya kuvuna. Nyongeza mliyokubaliana iongezwe kwenye hela ya mafuta, dereva asibaki anaumia njiani. Dereva anayeumia ndiye anayeongeza abiria juu ya nyanya zako ili afidie.

*Tatu: pima ulaji wa mafuta, usikisie.* Gari lijazwe tenki mpaka juu, liende safari, lijazwe tena palepale mpaka juu. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo pia kwa kirikuu chako. Gari linalokula kupita kawaida huenda lina upepo mdogo kwenye matairi au chujio chafu la hewa. Huo ni ugonjwa wa gari, usiulipie kama bei ya mafuta.

*Nne: lita zigawanywe kwa mzigo mkubwa.* Fuso iliyobeba matenga 90 inapanda milima ileile na inakula mafuta karibu na ya 180. Ungana na jirani, vuneni siku moja. Na gari lisirudi tupu: tafuteni mtu anayehitaji kuleta mbolea au matenga matupu kutoka Dar, mgawane ile nusu ya kurudi.

*Tano: usihifadhi petroli ndani.* Najua wapo wanaojaza madumu Jumanne usiku wakisubiri tangazo. Faida ya dumu la lita 20 bei ikipanda 150 ni shilingi 3,000. Mvuke wa petroli unawaka kwa cheche moja ya jiko. Nyumba haiwezi kuwa bei ya shilingi 3,000.

Mazoezi ya nyumbani

Tafuta bei kikomo ya wilaya yako ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Chukua safari yako ya mwisho ya sokoni. Kokotoa lita, kokotoa tofauti, gawa kwa idadi ya matenga au magunia. Linganisha na nyongeza uliyolipa. Kama ulilipa zaidi, umejua pa kuanzia mazungumzo. Kama ulilipa pungufu, ujue kuna dereva aliyekufidia kutoka mfukoni kwake, naye usimshangae akikukwepa msimu ujao.

Yule kijana na yule dereva sasa wanafanya kazi pamoja. Karatasi yao imebandikwa kwenye ukuta wa stoo, na mwezi dizeli iliposhuka, dereva mwenyewe ndiye aliyesema, "Bosi, leo punguza."

Ukikwama kwenye hesabu, njoo na daftari lako ofisini, tutakokotoa pamoja. Tuonane somo lijalo.