Kimbunga Kikitajwa, Tazama Maji Kwanza

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mkabala na midomo ya Mto Rufiji, huku wakulima wa Rufiji na Kibiti wakiwa hawajapumua na mafuriko ya Aprili. Mvua yake ikakata barabara kuu ya Lindi wilayani Kilwa. Vimbunga si habari za Msumbiji na Madagaska pekee; mkazi wa delta ya Rufiji naye vinamhusu.

Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto. Kikigusa nchi kavu upepo hupungua upesi, lakini mvua huweza kuendelea. Kwa watu wa delta hatari kubwa ni maji: upepo huisukuma bahari ipande mikondoni, na mto uliofura kwa masika unateremka kuipokea. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, ulizia pia mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu, bamvua litayaongeza maji hayo.

Hama mapema, tena mchana. Ukingoja upepo uanze, mtumbwi hautavuka. Usitegemee dungu la shambani. Huenda limekuokoa na mafuriko ya kawaida, ila limesimama juu ya nguzo, hakuna cha kulikinga na upepo. Nenda kwenye jengo imara, mahali pa juu. Mbegu ya mpunga itie kwenye dumu kavu lenye mfuniko wa kukaza. Dawa, kadi za kliniki na vyeti vifunge kwenye nailoni, uvibebe mwenyewe. Mtumbwi uvute juu ya alama ya bamvua, uupindue, uufunge shinani mwa mti kwa kamba mbili. Mashua kubwa iingize kwenye mkondo wenye mikoko mingi, uifunge pande zote, kisha ushuke. Hakuna chombo kinachostahili kulindwa kwa roho ya mtu.

Upepo ukitulia ghafla, usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Baadaye chemsha maji ya kunywa, maana vyoo na visima vitakuwa vimechanganyika, na usiwaache watoto wacheze kwenye maji yaliyotuama: Rufiji ina mamba.

Kaeni na mwenyekiti wa kitongoji sasa, kabla ya masika, mpange nani atambeba mzee yupi na kwa chombo cha nani.