Dondoo muhimu: Manukato ya maua kwenye jua la Musoma

Usinunue kwa kunusa kifuniko. Jipulizie mara moja kwenye kifundo cha mkono, kisha zunguka sokoni nusu saa. Mwanzoni utasikia spiriti, pengine na ukali wa limau. Asumini, waridi au langilangi hujitokeza baadaye, na hiyo ndiyo harufu utakayoshinda nayo. Usisugue mikono, unaipandisha joto tu.

Ngozi kavu haishiki manukato. Ukitoka kuoga, jipake mafuta yasiyonukia (vaselini inatosha), ndipo upulize shingoni na ndani ya viwiko.

Manukato mepesi hayana ahadi ya kutwa. Ukiyapuliza Bunda asubuhi, jua likikuwakia hadi Butiama huenda ukabaki na kumbukumbu tu. Beba kichupa kidogo, au pulizia mtandio, maana kitambaa hushika harufu kuliko ngozi. Mtandio mweupe uujaribu kwanza pembeni, usije ukaingia doa. Ndani ya daladala iliyojaa? Mpulizo mmoja. Wenzako hawakuchagua.

Chupa ikae kabatini, si dirishani: jua na joto huyachachua manukato.