Kupanga Safari ya Aisilandi kwa Njia Zisizopitwa na Wengi

Somo hili ni la wanafunzi wa jiografia, lakini hata mzazi atakayelisoma gazeti letu nyumbani hatakosa faida. Shabaha yake ni kuonyesha jinsi safari inavyopangwa katika nchi ngeni, hasa safari ya kupita mahali ambapo watalii wengi hawafiki. Nchi tuliyoichagua ni Aisilandi, kisiwa kilicho kaskazini ya Bahari ya Atlantiki. Huko mpango mbaya waweza kumpotezea mtu maisha yake. Kwa hiyo kanuni za kupanga safari zaonekana wazi kuliko katika nchi zenye njia nzuri na hali ya hewa ya upole.

Watu wengi wakipanga safari huanza kwa kuuliza, "Nataka kuona nini?" Swali hilo ni zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni hili: "Nchi yenyewe itaniruhusu kupita wapi, mwezi gani, na saa ngapi?" Tulifuate swali hili hatua kwa hatua, na ramani mezani.

1. Nchi yenyewe

Aisilandi ina eneo la kilomita za mraba 103,000 hivi, lakini watu wake hawafiki 400,000. Karibu theluthi mbili yao hukaa katika mji mkuu, Reykjavík, na vitongoji vyake. Waliobaki wametawanyika pwani pwani. Sehemu ya katikati, yaani nyanda za juu, haina mji wala kijiji. Ni changarawe nyeusi, milima mitupu na barafu.

Barafu imefunika kama sehemu moja katika kumi ya nchi. Iliyo kubwa kuliko zote huitwa Vatnajökull, na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 7,500. Chini ya barafu hiyo kuna volkeno zilizo hai. Sababu ni kwamba kisiwa hiki kimekaa juu ya ufa wa dunia, ambapo bamba la Amerika ya Kaskazini na bamba la Ulaya na Asia yanaachana kwa kadiri ya sentimita 2 kila mwaka. Sisi wa Afrika ya Mashariki twalijua jambo hili, maana Bonde la Ufa nalo lilifanyika kwa ardhi kuachana. Undugu huu wa ardhi umeleta hata undugu wa elimu: wahandisi wengi wa Kenya wamekwenda Aisilandi kujifunza jinsi ya kutumia mvuke wa ardhini kutengeneza umeme.

Moto huo si hadithi ya kale tu. Mwaka 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, ikatoa uji wa mawe na hewa ya sumu kwa muda wa miezi minane. Mifugo ilikufa, njaa ikaingia, na kama mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile alipotea. Mwezi wa Novemba 2023 watu wote wa mji wa Grindavík walihamishwa usiku kwa sababu ya matetemeko, na mwezi uliofuata ardhi karibu na mji huo ikapasuka. Basi msafiri hana budi kuuliza habari za volkeno kama vile baharia aulizavyo habari za upepo.

2. Majira

Majira ya joto ya huko ni Juni, Julai na Agosti. Lakini neno "joto" lisitudanganye. Katika Reykjavík, wastani wa mwezi wa Julai ni nyuzi 11 au 12 za Selsiasi, na juu milimani theluji yaweza kuanguka hata mwezi huo.

Ajabu kubwa ni mwanga. Tarehe 21 Juni, katika Reykjavík, jua huchwa baada tu ya saa sita ya usiku, na huchomoza kabla kidogo ya saa tisa ya usiku ule ule. Katikati hapo giza haliingii. Hii ni faida, maana mtu aweza kutembea saa yoyote. Lakini ni hatari vile vile, kwa kuwa mgeni husahau kulala, akaendesha gari huku amechoka. Katika mpango wako andika saa za kulala kama uandikavyo saa za kwenda.

Barabara za nyanda za juu hazifunguliwi kwa tarehe maalumu. Idara ya barabara hungoja theluji iyeyuke na udongo ukauke. Nyingi hufunguliwa mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai, na hufungwa tena theluji ya vuli ianzapo. Kwa hiyo atakaye kwenda nyanda za juu mwanzoni mwa Juni atakuta njia imefungwa. Na atakaye kuwaona ndege wa baharini majabalini asichelewe, kwa maana kufika katikati ya Agosti wengi wamekwisha rudi baharini. Jibu la "mwezi gani" ni Julai.

3. Njia

Barabara Nambari 1 huzunguka kisiwa chote kwa urefu wa kilomita 1,320 hivi. Ilikamilika mwaka 1974, yalipomalizika madaraja ya mchanga wa kusini, ambako maji ya barafu hutawanyika kila mwaka. Watalii karibu wote hushika barabara hii, na hasa upande wake wa kusini. Anayetaka upweke atazame pande mbili: rasi ya kaskazini-magharibi, iitwayo Vestfirðir, na nyanda za juu za katikati.

Katika ramani utaona barabara zenye herufi F mbele ya nambari, kama F26 na F88. Herufi hiyo yatokana na neno fjall, maana yake mlima. Barabara hizi ni za mawe na changarawe, mito mingi haina madaraja, na sheria yataka gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Katika barabara F26, ipitayo jangwa la Sprengisandur, mtu husafiri zaidi ya kilomita 200 bila kuona mahali pa kununua petroli.

Tena ujifunze kuyasoma majina, kwani majina ya nchi ile ni maelezo ya ardhi. Jökull ni barafu kuu. Á ni mto. Fjörður ni hori la bahari. Vík ni ghuba. Sandur ni mchanga. Foss ni maporomoko ya maji. Mwanafunzi aonapo Jökulsá ataelewa mara moja kwamba huo ni mto utokao katika barafu, naye atajihadhari. Reykjavík ni "ghuba ya moshi", jina lililotokana na mvuke wa chemchemi za moto.

4. Mito

Hapa ndipo penye roho ya somo letu. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Mto utokao katika barafu una tabia yake. Usiku baridi huizuia barafu isiyeyuke sana, na asubuhi maji ni machache. Jua linapopanda barafu huyeyuka, na maji hufika chini saa nyingi baadaye. Kivuko kilichofika magotini asubuhi chaweza kufika kifuani jioni. Siku ya joto au ya mvua nyingi huzidisha maji zaidi. Kwa hiyo mito ya namna hii huvukwa mapema asubuhi.

Maji yake yamejaa vumbi la mawe, hata hayaoneki chini. Msafiri asimame kwanza, ashuke garini, atazame. Mahali mto ulipo mpana, na maji yakicheza juu ya mawe, kwa kawaida ni pafupi kuliko mahali palipo pembamba na patulivu. Akivuka, avuke polepole kwa gia ya nguvu, akielekea chini kidogo mkondo uendako, wala asisimame katikati. Mahali ambapo mtu hawezi kupita kwa miguu kwa usalama, asipeleke gari. Angoje gari la pili, au arudi. Ajue pia kwamba makampuni mengi ya kukodisha magari hayalipi bima ya gari lililoharibiwa na maji ya mto.

5. Mfano wa mpango wa siku 14

Siku ya 1 na ya 2: Kufika, kukodi gari katika Reykjavík, kununua chakula, na kwenda Stykkishólmur, bandari ndogo ya magharibi.

Siku ya 3: Kuvuka ghuba ya Breiðafjörður kwa feri mpaka Brjánslækur, katika Vestfirðir.

Siku ya 4: Jabali la Látrabjarg. Lina urefu wa kilomita 14 kando ya bahari, na kilele chake kimepita mita 440. Ndege hukaa huko kwa maelfu na maelfu. Wengine huchimba mashimo chini ya majani ukingoni, hata ukingo wenyewe huwa mtupu ndani. Atakaye kuchungulia alale kifudifudi mbali kidogo, wala asisimame ukingoni.

Siku ya 5: Maporomoko ya Dynjandi, yashukayo kama mita 100 kwa ngazi ngazi, kisha mji wa Ísafjörður. Hapa usipime njia kwa rula. Hori moja laweza kuwa jembamba kiasi cha kuona nyumba za ng'ambo, lakini barabara huingia mpaka mwisho wake na kurudi.

Siku ya 6 na ya 7: Kwenda kwa mashua mpaka Hornstrandir. Hakuna barabara huko. Wakazi wa mwisho walihama miaka ya 1950, na tangu 1975 ni hifadhi. Mbweha wa nchi za baridi, ambaye ni mnyama wa pekee wa porini aliyekuwako kabla ya binadamu kufika kisiwani, hawindwi humo.

Siku ya 8: Akiba. Bahari ikichafuka mashua hairudi, na mpango usio na siku ya akiba huvunjika wote.

Siku ya 9 na ya 10: Kwenda mashariki mpaka ziwa Mývatn.

Siku ya 11: Kuondoka alfajiri kwa barabara F88 kwenda Askja, volkeno iliyolipuka vibaya mwaka 1875, majivu yake yaliharibu mashamba ya mashariki, na watu wengi wakahamia Amerika. Mwaka 1965 na 1967 wanaanga wa Marekani waliletwa sehemu hizi kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini. Kulala katika kibanda cha wasafiri.

Siku ya 12: Kurudi Mývatn, au kungoja ikiwa mito imejaa.

Siku ya 13: Kushuka kusini kwa njia ya Kjölur, kati ya barafu mbili, Langjökull na Hofsjökull. Njia hii ni mbovu, lakini mito yake mikubwa ina madaraja.

Siku ya 14: Kurudisha gari na kuondoka.

Angalia kwamba tumeacha Sprengisandur. Si kwamba si pazuri. Lakini anayeanza hujipima kwanza kwa Askja na Kjölur.

6. Adabu ya msafiri

Ni marufuku kwa sheria kuendesha gari nje ya barabara. Udongo wa nchi ile ni mwepesi, na mimea laini kama sufu inayofunika mawe huota polepole mno. Alama ya magurudumu iliyofanywa kwa dakika moja huonekana kwa miaka mingi.

Kabla ya kuondoka kila siku, soma habari za barabara na za hewa katika intaneti, kisha umwachie mtu mpango wako: njia, mahali pa kulala, na siku ya kurudi. Simu ya msaada ni 112, lakini nyanda za juu kuna mahali ambapo simu haishiki. Waokoaji wa Aisilandi ni watu wa kujitolea: mwalimu, mvuvi, fundi, ambao huacha kazi na vitanda vyao kwenda kumtafuta mgeni. Anayeficha mpango wake, au anayevuka mto kwa ubishi, hahatarishi nafsi yake peke yake.

Wengi wetu huenda tusiende Aisilandi kabisa. Lakini mito yetu nayo hufurika masika, na kila mwaka magari hujaribu kupita juu ya madaraja yaliyofunikwa na maji. Kanuni ni ile ile: simama, tazama, ngoja.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini mto wa barafu huwa na maji machache asubuhi kuliko jioni.
2. Gari lina tangi la lita 60, nalo hutumia lita 15 kwa kilomita 100 katika njia ya mawe. Je, laweza kwenda kilomita 240 na kurudi bila kuongeza petroli? Onyesha hesabu yako.
3. Kwa nini tumeweka siku ya akiba mara baada ya Hornstrandir, wala si mwanzoni mwa safari?
4. Rafiki yako ana likizo mwezi wa Mei tu. Mpangie safari ya siku saba katika Aisilandi, ukitaja sehemu utakazoziacha na sababu zake.
5. Chora ramani ya njia kutoka nyumbani kwenu mpaka shuleni. Tia alama mahali pasipopitika masika, na uandike njia nyingine ya kupita.