MTI ULIOSIMAMA UNA KAZI GANI?



Ukiulizwa faida ya mti, huenda utajibu upesi: kuni, na nguzo za kujengea. Ni kweli. Lakini faida hizo huja mara moja tu, siku mti unapokatwa. Katika somo hili tutazame kazi ambazo mti hufanya kila siku ukiwa umesimama.

1. Mti hulinda maji. Penye miti, mvua haipigi ardhi kwa nguvu. Maji huingia ardhini polepole, na hayo ndiyo yanayolisha chemchemi na visima. Penye kipara, maji hukimbilia bondeni pamoja na udongo wenye rutuba.

2. Mti hulinda nyumba. Hupunguza upepo unaopasua maturubai, na hutupa kivuli.

3. Mti hulisha. Nyuki hupata maua. Katika pori la miombo, aina nyingi za uyoga tunaokula huishi pamoja na mizizi ya miti. Mti ukifa, uyoga wake hauoti tena.

Tujifunze kwa yaliyotokea. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku mbili hivi. Wengi walikaa kambi ya Benaco. Kila jiko lilihitaji kuni, na miti ya karibu ikaisha. Safari ya kuni ikawa ndefu. Mara nyingi anayekwenda mbali ni mama au binti, na porini kuna hatari. Tena, pori hilo ni la wenyeji pia. Likiisha, ugomvi huanza.

Tufanye nini?

– Loweka maharagwe tangu usiku.
– Pasua kuni na uzikaushe kabla ya kupika.
– Tumia jiko la udongo badala ya mafiga matatu.
– Funika sufuria. Chakula kikiiva, zima moto.
– Okota matawi makavu kwanza.
– Usichimbe visiki. Miti mingi ya miombo huchipua tena ikiachiwa kisiki chake.

Maswali ya kujadili na majirani:

1. Ulipofika hapa, kuni zilipatikana wapi? Leo zinapatikana wapi?
2. Ni miti ipi iliyo karibu na chanzo chenu cha maji, na nani anaitunza?