Tarakilishi Nayo Ina Daftari la Zamu

Mlinzi wa lango ana daftari lake: nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Tarakilishi inayotumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka wa 1991, nayo ina daftari kama hilo. Huitwa logi, na kwa kawaida hukaa katika folda ya /var/log.

Shida ni wingi wa mistari. Ukisema usome yote utakesha. Kwa hivyo tunatumia amri ya grep, iliyotungwa na Ken Thompson. Katika Ubuntu, andika:

sudo grep "Failed password" /var/log/auth.log

Utapata mistari ya waliojaribu kuingia kupitia mtandao wakakosea nywila. Angalia herufi kubwa na ndogo, maana grep huzitofautisha mpaka uongeze -i.

Muhula uliopita mashine moja ya shule yetu iliyoachwa ikiwaka usiku ilipatikana asubuhi imezimika, na mradi wa KCSE wa mwenzetu wa Kidato cha Nne umeharibika. Maneno yakaanza, ati mlinzi wa usiku ndiye anayeichezea. Mwalimu akaandika:

sudo journalctl -b -1 -e

Hiyo huonyesha mwisho wa logi ya kabla mashine haijawashwa tena. Mtu akizima kwa amri, mistari ya mwisho huonyesha huduma zikifungwa moja moja. Hii ilikatika tu, 01:40, yaani saa saba na dakika arobaini usiku (tarakilishi huanza kuhesabu usiku wa manane, si jioni kama sisi). Lakini hata anayechomoa waya huacha alama hiyo hiyo! Logi peke yake haikutosha. Bahati nzuri sisi wa kutwa tunaoishi karibu tulikuwa macho tukisoma, na stima ilipotea mtaa mzima wakati huo huo. Mlinzi akaachwa afanye kazi yake.

Logi pia hula nafasi ya diski. Amri hii hufuta faili za zamani zilizopita siku 30:

sudo journalctl --vacuum-time=30d

Ila kwanza tazama kama folda ya /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, mashine ikizimika daftari la journalctl hupotea lote. Itengeneze kwa sudo mkdir -p /var/log/journal, kisha uwashe mashine upya.