Kabla ya Kurekebisha Huduma, Pima Kwanza

Foleni ndefu ni lalamiko la kawaida katika vituo vya afya. Lalamiko linapotolewa, suluhisho hupendekezwa papo hapo: waajiriwe wahudumu zaidi, lijengwe chumba kingine, inunuliwe kompyuta. Huenda mojawapo likafaa. Lakini kama hakuna anayejua mgonjwa husubiri kwa muda gani, na husubiri wapi hasa, fedha za umma zinaweza kutumika na foleni ikabaki pale pale.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti ni jukumu la serikali za kaunti. Mradi wowote wa kuboresha huduma hizo huanza kwa kupima hali ilivyo sasa, kabla ya kubadilisha chochote. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, kwa kutumia mfano wa foleni ya wagonjwa wasiolazwa.

Hatua ya kwanza: Fuata njia ya mgonjwa

Kikundi cha wahudumu hufuata njia ya mgonjwa tangu langoni hadi anapoondoka: kusajiliwa, kupimwa joto na uzito, kumwona tabibu, maabara, kurudi kwa tabibu, kisha dirisha la dawa. Kila kituo huandikwa kwenye karatasi kama kilivyo. Njia iliyobandikwa ukutani si lazima iwe ndiyo njia ambayo wagonjwa wanapitia kweli.

Hatua ya pili: Kubalianeni maana ya kipimo

"Muda wa kusubiri" unaweza kuwa na maana nyingi. Je, saa inaanza kuhesabiwa mgonjwa anapoingia langoni au anapoandikishwa? Mtu aliyefika saa kumi na mbili asubuhi na kuandikishwa saa mbili ataonekana hajasubiri kabisa ikiwa hesabu inaanza kwenye daftari. Kwa hiyo mwanzo na mwisho wa kipimo huandikwa wazi, na kila anayepima hufuata maelezo hayo hayo.

Hatua ya tatu: Kusanya takwimu chache, lakini za haki

Si lazima kupima kila mgonjwa. Njia rahisi ni kumpa mgonjwa mmoja kati ya kila kumi kikaratasi, na kila anapofika, mhudumu anaandika saa. Mgonjwa anakirudisha kwenye dirisha la dawa. Jambo muhimu ni kutochagua siku. Kupima Jumatano alasiri peke yake, wakati watu ni wachache, kutatoa picha nzuri isiyo ya kweli. Siku zote za kazi ziwemo, asubuhi na alasiri, siku ya soko na siku ya kliniki ya watoto.

Hatua ya nne: Wastani usikudanganye

Tuseme wagonjwa 11 walisubiri kumwona tabibu kwa dakika 35, 40, 45, 50, 55, 60, 65, 70, 75, 180 na 205. Jumla ni 880, hivyo wastani ni dakika 80. Lakini wagonjwa tisa kati ya hao 11 walisubiri chini ya dakika 80. Mgonjwa wa katikati alisubiri dakika 60. Wawili wa mwisho ndio waliopandisha wastani, na hao ndio wa kuulizwa habari zao: walirukwa kwenye foleni? Faili zao zilipotea? Ripoti nzuri hutaja muda wa mgonjwa wa katikati na pia muda mrefu kuliko wote.

Swali hili ni la uhai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto mwenye dalili za hatari, kama vile kupumua kwa shida sana, degedege, kupoteza fahamu au kuishiwa maji mwilini kupita kiasi, ahudumiwe mara moja bila kupanga foleni. Wastani mzuri unaweza kumficha mtoto mmoja kama huyo aliyekaa kwenye benchi kwa saa tatu. Ndiyo maana muda wa kufikia uchunguzi wa kwanza hupimwa peke yake.

Hatua ya tano: Chora grafu

Matokeo ya kila siku huwekwa kama nukta kwenye grafu, kwa mpangilio wa tarehe, na mstari hupigwa kwenye thamani ya katikati. Nukta zitapanda na kushuka, na hilo ni jambo la kawaida. Siku moja mbaya si ushahidi kwamba huduma imeharibika, na siku moja nzuri si ushindi. Baada ya mabadiliko kuanza, nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari ni ishara kwamba kweli kuna kilichobadilika.

Hatua ya sita: Hakiki, kisha weka lengo

Takwimu za vituo hutoka kwenye daftari, zikajumlishwa kwenye fomu ya mwezi, kisha zikaingizwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, KHIS. Kosa linaweza kuingia katika kila hatua, kwa hiyo hesabu za sehemu hizo tatu hulinganishwa. Baada ya hapo ndipo lengo huwekwa, kwa mfano kupunguza muda wa mgonjwa wa katikati kutoka dakika 60 hadi 40 katika miezi mitatu.

Vipimo hivi si vya kumtafuta mhudumu wa kulaumiwa. Wahudumu wakiogopa, wataandika saa zinazopendeza, na kituo kitapoteza ukweli ambao kilikuwa kinautafuta.

Nafasi ya mwananchi

Mkazi anayepewa kikaratasi cha saa na akirudishe hata kama amechoka, kwani wanaoondoka nacho mara nyingi ndio waliosubiri zaidi. Katika vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti, wakazi wana haki ya kuuliza maswali matatu kuhusu kila mradi wa kuboresha huduma: hali ilikuwaje kabla? Ilipimwa vipi? Itapimwa tena lini? Mradi usioweza kujibu swali la kwanza hautaweza kuthibitisha kwamba umefaulu.